Ukuta Mwishoni mwa Njia

Juni 2

Mvua zimekwisha na Mwenyekiti wa klabu kanipa daftari. Anasema tangu ajali ya mwaka jana wakubwa wanataka maandishi, kwa hiyo kila siku niandike nilichofanya kwenye njia ya mbio. Nimemwambia mimi ni mwashi, kalamu yangu ni mwiko. Akacheka, daftari akaniachia.

Haya. Leo nimefyeka nyasi, nimeziba nyufa tatu kwenye lami, nimeupaka ukuta chokaa upande wa nyuma. Nimemwagilia shimo la mchanga na kulipiga rola mara mbili. Limekaa kama meza.

Kwa msomaji asiyejua: magari hushindana mawili mawili, mstari mnyoofu, mita mia nne, na yote huisha kabla hujamaliza kupiga chafya. Dereva akivuka mstari anafungua parachuti, anakanyaga breki, gari linapunguza mwendo kwenye lami iliyobaki. Likikataa kusimama linaingia kwenye shimo la mchanga. Baada ya mchanga kuna ukuta. Wengine wote hapa wanashughulika na mwanzo wa njia, penye taa, kelele na wapiga picha. Mimi kazi yangu ni mwisho. Mchanga niliuchagua mwenyewe, ukuta niliujenga mwenyewe, mwaka wa sita huu, na hauna ufa.

Juni 4

Rola. Maji. Jua kali.

Juni 9

Amekuja Mkaguzi wa mambo ya usalama. Mtu mwembamba, miwani, viatu safi kuliko sahani zangu. Akafika kwenye shimo langu, akauchoma mchanga kwa nondo. Ikaingia vidole viwili, ikagoma.

"Fundi, nani kaushindilia hivi?"

"Mimi," nikasema, nikingoja sifa.

"Kwa nini?"

"Vumbi lisiwasumbue watu. Tena inapendeza. Au wewe hupendi kitu kilichonyooka?"

"Ingekuwa sakafu ningekupa zawadi," akasema, akaandika.

Mjuaji. Nimemsimulia binti yangu wakati wa chakula. Yeye ni fundi wa injini, na siku hizi tuko wawili tu nyumbani, mama yake yuko kwao anauguza, kwa hiyo tunapika kwa zamu na kulaumiana chumvi. Nilitegemea acheke. Akauliza, "Vidole viwili kweli, Baba?" Kisha akaendelea kula.

Juni 11

Ripoti imekuja, ina mambo matatu. Kwanza, mchanga utolewe, ziwekwe kokoto ndogo za mviringo, zisishindiliwe. Pili, mbele ya ukuta ufungwe wavu wa mikanda ya nailoni wa kulidaka gari. Tatu, wavu unahitaji nafasi ya kuvutika, kwa hiyo ukuta ubomolewe. Ikishindikana, ufunikwe kwa matairi.

Mwenyekiti hakulipinga jambo la kwanza wala la pili. La tatu ndilo lililomchoma. Ukuta umechorwa matangazo ya wafadhili, na kila picha ya gari likija mbio, nyuma yake matangazo yanaonekana. "Wamesema ikishindikana," akasema. "Basi imeshindikana. Fundi, wewe unasemaje?"

Nikasema ukuta hauna kosa, ukuta haujawahi kumfuata mtu. Tukacheka wote wawili.

Juni 15

Binti yangu kaniambia anaingia mbio za kufunga msimu, Septemba, na lile gari lake la kijani alilolijenga miaka miwili nyuma ya nyumba. Nimelisikia likiunguruma mpaka masufuria yanacheza, lakini sikudhani siku itafika. Nikamuuliza kama haogopi.

"Nani anakaa mwisho wa njia?" akaniuliza.

"Mimi."

"Basi."

Nimefurahi, na chakula hakikushuka.

Juni 19

Nimeziba ufa mmoja wa lami. Matairi ya kufunika ukuta hayajaja.

Juni 23

Mkaguzi amerudi na jambo lake. Alitaka tuone kwa macho kabla mchanga haujazolewa. Pikapu kuukuu la klabu, yeye mwenyewe usukanini, kofia ngumu kichwani, aliliingiza kwenye shimo langu kwa mwendo wa gari la sokoni. Akaachia kila kitu, hakukanyaga breki.

Halikuzama. Lilipita juu ya mchanga kama mtu anayevuka sebule. Lilipofika katikati Mkaguzi akakanyaga breki, likateleza, likasimama kama hatua mbili tu kutoka ukutani. Nyuma yake kulikuwa na alama mbili za matairi, nyembamba, nadhifu, kina cha kidole kimoja.

Mkaguzi alishuka, akaegemea mlango, na mimi nikajua kwamba hata yeye aliogopa. Akazipima alama, akaandika. Laiti angenitukana.

Juni 24

Nimeanza ukurasa huu mara tatu. Najua daftari si langu, ni la klabu. Naandika hivyo hivyo.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, alikufa Kinyozi. Ndivyo tulivyomwita wote kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alinikata nywele miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo alinieleza kila kifaa alichonunua cha gari lake jekundu, kimoja kimoja, mpaka nikawa najua bei ya vitu nisivyojua matumizi yake. Siku ile parachuti lake lilitoka limejisokota. Gari likaingia mchangani, likapita, likagonga ukuta. Watu walisema alikuwa na mwendo mno. Na mimi nilisema. Nilisema msibani, mbele ya mke wake, nikiwa nimemshika mkono.

Walipomwondoa nilibaki peke yangu na shimo. Alama za matairi zilikuwa pale, kutoka ukingoni hadi ukutani. Kina cha kidole kimoja. Niliziona. Nilisimama nikazitazama kwa muda mrefu, halafu nikaenda kuchukua rola. Watu wa kupima walipofika na futi zao, shimo lilikuwa kama meza, na mmoja akanisifu kwa usafi.

Nilijiambia nasafisha. Nyani haoni kundule. Lakini mimi nililiona, nikalipiga rola.

Na mchanga wenyewe! Fundi mzuri huchagua mchanga wenye chembe kali, unaoshikana ukilowa. Ndio niliochagua. Nikaumwagilia, nikaushindilia kila wiki kwa miaka sita, huku nikipiga mluzi. Mchanga wa kujengea nyumba nimeuweka mahali ambapo gari lilitakiwa lizame. Mtu asiyejua kujenga asingeweza kukosea vizuri hivyo.

Nilitaka kuchana ukurasa huu. Nimeuacha.

Julai 2

Malori ya kokoto yamefika. Ni za mtoni, za mviringo, ndogo kama maharage. Nimetembea juu yake nikazama hadi vifundoni. Nikachukua reki nizisawazishe, zikawa zinanikimbia. Mkaguzi anasema niziache zilivyo, nichambue tu kila baada ya mvua na kutoa vumbi lisije likazigandisha. Nimemtii. Kwa mwashi ni sawa na kuambiwa utoke barabarani bila shati.

Huyu Mkaguzi si mjuaji. Ni mtu anayejua. Kuna tofauti, na mimi niliikataa kwa sababu ya viatu.

Julai 6

Wavu. Mwenyekiti katafuta mshonaji wa mikanda mizito, na mjini kuna mmoja tu anayeshona maturubai ya malori na kazi yake haiachii. Ni mke wa Kinyozi. "Nenda wewe," kaniambia, "si mnafahamiana?"

Julai 7

Nimekwenda. Amehamishia cherehani kwenye duka la mumewe. Viti vya kunyolea vimesukumwa pembeni, lakini vioo viwili bado viko ukutani, ukikaa unajiona mbele na nyuma.

"Karibu, shemeji. Umepotea."

"Nipo, shemeji. Kazi."

"Hizo nywele nani anakukata siku hizi?"

"Hakuna."

"Inaonekana."

Nimemweleza michoro ya Mkaguzi. Ncha za mikanda hukunjwa na kushonwa mistari kumi na miwili kwa uzi mwepesi. Gari likiuvuta wavu, mistari inakatika mmoja mmoja, na kila unaokatika unakula mwendo kidogo. Uzi ukiwa mgumu mno, gari linasimama ghafla na dereva anaumia shingo. Alisikiliza akiwa na pini mdomoni, halafu akacheka mpaka akazitoa.

"Miaka ishirini nashona visikatike, leo naambiwa nishone vikatike!"

"Hata mimi nimekatazwa kusawazisha."

"Basi tumepatikana sote, shemeji."

Tukacheka. Kwenye vioo nilimwona mwizi mwenye nywele ndefu, mbele na nyuma.

Julai 13

Kokoto, reki. Nimetoa majani.

Julai 19

Nimempelekea mikanda mingine. Alikuwa akishona bila kuinua uso.

"Shemeji, nikuulize. Lile gari lake mbona halikuzama? Kuku akipita mchangani anaacha alama."

Nikasema, "Mwendo, shemeji."

"Mwendo," akarudia, akakata uzi kwa meno.

Julai 28

Binti kajaribu gari. Parachuti lilifunguka vizuri, akasimama kwenye lami na nafasi ikabaki. Watu walipiga makofi. Nilikuwa nimeshika waya wa uzio, na nilipoachia viganja vilikuwa na damu.

Agosti 3

Nimekwenda na daftari chini ya kwapa. Sikuwa nimeamua, au niseme nilikuwa nimeamua mara nyingi na mara nyingi nikarudia njiani.

Wavu ulikuwa nusu, umejaa chumba kizima. Alinionyesha mishono, sawa kama imechapwa. Akasema, "Unajua, shemeji, kila nikifika mstari wa kumi na mbili namwombea mwanao. Namwambia Mungu huu usifikiwe."

Hapo nikashindwa. Nikafungua daftari kwenye Juni 24, nikaliweka juu ya cherehani.

Alisoma akifuata mistari kwa kidole. Alipomaliza alirudi juu akasoma tena. Akazima mashine.

"Ulizifuta."

"Nilizifuta."

"Na msibani ukasema mwendo. Huku umenishika mkono."

"Nilisema."

"Mwaka mzima namlaumu marehemu, namwambia ungepunguza, ungetufikiria. Namsema kaburini." Hakupaza sauti. Alinirudishia daftari. "Toka, fundi."

Miaka yote hajaniita fundi.

Agosti 4

Nimemwambia binti yangu yote. Akafuta mikono kwa kitambaa cha oili, kidole baada ya kidole.

"Ungeniambia kabla sijasema siogopi," akasema.

"Utajitoa?"

"Wavu ukifungwa naingia. Usipofungwa najitoa. Si hasira, Baba. Ni hesabu."

Lakini chakula cha jioni amepika kimya, na hakunilaumu chumvi.

Agosti 6

Nimepita mtaa wa duka. Cherehani haisikiki.

Agosti 8

Haisikiki.

Agosti 11

Haisikiki. Mwenyekiti anauliza wavu uko wapi. Nimemwambia kosa ni langu, ameona nafanya unyenyekevu.

Agosti 14

Mke wa Kinyozi amekuja mwenyewe. Alitembea peke yake kutoka getini hadi mwisho wa njia, mita zote hizo, na hii ndiyo mara yake ya kwanza tangu siku ile. Aliingia kwenye kokoto akazama, viatu vikajaa mawe, akatoka bila kuvitoa. Akasimama mbele ya ukuta. Akaweka kiganja mahali pale pale gari lilipogonga. Nilikuwa nimepaziba na kupaka rangi, lakini alipajua.

"Umepaka vizuri," akasema.

Nikatazama viatu vyake.

"Wavu nitamaliza. Mwanao hana kosa, na mimi siwezi kushona nusu ya kitu. Lakini nimeuona mchoro, imeandikwa ukuta uondoke. Kazi yangu haitafungwa mbele ya huu. Uubomoe. Wewe, kwa mkono wako. Sitaki tingatinga."

"Mwenyekiti..."

"Mwenyekiti ndiye aliyeujenga?"

Akaondoka. Mawe yalikuwa yakilia ndani ya viatu vyake mpaka getini.

Agosti 15

Nimeanza. Nyundo kubwa na tindo. Mwenyekiti alikuja mbio, tai ikiwa begani.

"Fundi, umerukwa na akili? Matangazo ya watu!"

"Ripoti inasema ubomolewe, ikishindikana ufunikwe. Bado haijashindikana."

"Nitakufukuza!"

"Nifukuze nikimaliza."

Akampigia simu Mkaguzi ili anikanye. Sijui aliambiwa nini, nilimwona tu akisikiliza sana na kujibu kidogo. Aliondoka polepole. Ningesema jambo baya juu yake, lakini mwezi Juni tulicheka naye sauti moja.

Jioni mistari miwili tu ya matofali imeanguka. Laiti ningekuwa fundi mbovu.

Agosti 17

Malengelenge.

Agosti 18

Binti kaja na glavu na nyundo ya pili. Nimemkatalia, nikamwambia mke wa Kinyozi amesema mimi. Hakubishana. Akaanza kubeba matofali kuyapanga mbali kabisa na njia, mpaka jua likazama. Wakati wa kuondoka akasema, "Mchuzi wa jana ulikuwa chumvi tupu, nilikuhurumia tu." Nimefurahi kupita kiasi.

Agosti 22

Nimefika pale Kinyozi alipogonga. Ndani ya lipu niliyozibia nimekuta kipande cha rangi nyekundu. Nimekifunga kwenye karatasi, nimempelekea mke wake. Alipokea mlangoni. Ndani, wavu ulikuwa juu ya cherehani.

Agosti 27

Umekwisha. Umebaki msingi tu, mstari wa zege uliolala sawa na ardhi. Nyuma yake ni uwanja mtupu wa klabu, magugu na upepo, na nimeshangaa jinsi palivyokuwa na nafasi siku zote. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema anayeujenga pasipostahili afanyweje. Sasa najua.

Septemba 4

Wavu umefungwa. Mke wa Kinyozi amekuja kukagua kila fundo. Neno aliloniambia ni moja: "Vuta." Nikavuta.

Septemba 9

Nimechambua kokoto asubuhi na jioni. Mvua ya rasharasha, nimezichambua tena.

Septemba 12

Naandika kabla sijalala.

Gari la kijani lilipangwa mbio ya nne. Nilikuwa mahali pangu. Taa zikawaka, nikaliona likikua, likavuka mstari, likashinda, nikaanza kushukuru. Parachuti likatoka. Likatoka limejisokota, kama nguo inayokamuliwa, vilevile kama lile la Kinyozi. Nilisikia breki zikilia na nikaona moshi, na nikajua hazitoshi.

Likaingia kwenye kokoto. Mawe yaliruka juu kuliko mtu. Nililiona likizama, gurudumu nusu, gurudumu zima, likipungua, likipungua, na bado likija. Likaushika wavu. Nilisikia mishono ikikatika, mmoja, mwingine, mwingine, na kwa kila mmoja nilimwita mke wa Kinyozi moyoni. Halafu kimya.

Nilikimbia. Kokoto zile zile nilizozilegeza zilinishika miguu, nikaanguka mara mbili, nikazilaani na kuzibariki. Binti yangu alikuwa anavua kofia. Alitema kitu.

"Baba," akasema, "umeniwekea mawe mpaka mdomoni." Kisha akaanza kulia, na mimi nikalia, hatukuona haya.

Mke wa Kinyozi alifika nyuma yetu. Alimgusa binti shavu, akaenda kwenye mikanda akahesabu. Mistari tisa imekatika. Mitatu imebaki. Halafu akatazama chini, na mimi nikatazama alipotazama.

Msingi wa ukuta wangu ulikuwa chini ya gari. Pua ya gari ilikuwa imeupita hatua tatu.

Mwenyekiti naye alikuwa amefika. Aliuona mstari ule wa zege, akavua kofia yake. Mimi nikainama kuchukua reki. Mkono tu, mazoea tu. Mke wa Kinyozi akaushika mpini.

"Pima kwanza," akasema. "Uandike. Halafu ndiyo uguse."

Septemba 13

Mifereji miwili, kutoka ukingo wa kokoto hadi wavuni. Kina, sentimita thelathini na moja. Mkaguzi amepima upande wake, tumepata sawa.

Ya mwaka jana, kwa jinsi nilivyoiona kabla sijaifuta: kina cha kidole kimoja. Dereva hakuwa na kosa. Nakala ya ukurasa huu na ya Juni 24 zimekwenda kwa wakubwa, Mwenyekiti amezigonga mhuri mwenyewe.

Mke wa Kinyozi amesoma, ameweka sahihi yake hapa chini. Alifunga daftari, akanitazama kichwani.

"Mashine zake bado zipo," akasema. "Njoo kesho, shemeji. Hizo nywele ni aibu."